Programu nayo ina msimu wa kufunga ziwa

WAHENGA walinena, haraka haraka haina baraka. Wafanyabiashara wa hapa Nchelenge, na wenzao wanaovuka Mweru kutoka Kilwa na Pweto, sasa wanaandika mali na madeni kwenye simu na kompyuta. Wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza: nani huamua siku ya kutoa programu mpya?

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi Mweru kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaliana. Watengenezaji makini wa programu nao hufunga. Tarehe ikikaribia, hakuna kipya kinachoingizwa. Kazi inayobaki ni kusaka kasoro.

Mfano mzuri ni Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 na kupewa namba 4.10, yaani mwaka na mwezi. Kwa kawaida hutoka jipya kila miezi sita, Aprili na Oktoba. Kabla ya siku hiyo hutolewa toleo la majaribio, ili watu walijaribu na kutaja kasoro. Kisichoiva husubiri toleo lijalo, kwani boti haisubiri abiria mmoja.

Hata hivyo, tarehe si amri ya Mungu. Toleo la Aprili 2006 lilisogezwa mbele wiki sita, likatoka Juni 1 kwa namba 6.06. Liliahidiwa matunzo ya miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva, hivyo kasoro zake zingekaa na watu muda mrefu.

Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni tunajua uzito wa jina kwenye orodha. Jina likipotea, mgao nao umepotea. Kwa mfanyabiashara, kinachopotea ni deni lisilodaiwa tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, marekebisho ya usalama usiyacheleweshe, lakini usibadili programu ya hesabu siku ya soko. Nakili kumbukumbu zako kwanza. Kisha mwulize anayekuuzia: nani ameijaribu? Kasoro nimpelekee nani? Ikigoma, nitarudije kwenye ile ya zamani? Akikosa majibu, endelea na daftari lako.