Vitabu Hai Katika Elimu ya Nyumbani

Kitabu hai, katika msamiati wa wazazi Wakristo wanaosomesha watoto wao nyumbani, ni kitabu cha mwandishi mmoja aliyelijua jambo lake na kulipenda, akalieleza kwa lugha inayomfanya msomaji aone anayosimuliwa. Hutofautishwa na kitabu cha kiada chenye muhtasari mkavu na maswali mwishoni mwa kila sura. Mzazi wa mkondo huu akitaka kufundisha habari za wadudu haanzi na orodha ya viungo vyao. Humtafutia mtoto maandishi ya mtu kama Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuwachunguza nyigu na viwavi.

Msingi wa njia hii uliwekwa na Charlotte Mason, mwalimu wa Kianglikana aliyezaliwa Wales mwaka 1842. Mihadhara yake kwa wazazi ilitoka kama kitabu, Home Education, mwaka 1886. Mwaka uliofuata kilianzishwa chama cha wazazi mjini Bradford, na mwaka 1892 Mason akafungua chuo cha walimu huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza. Familia zilizosomesha nyumbani zililetewa kwa posta ratiba, orodha ya vitabu na mitihani ya kila muhula. Haikubaki kuwa elimu ya wenye nacho: mwaka 1914 shule ya Drighlington, Yorkshire, iliyosomesha watoto wa wachimba makaa ya mawe, ilianza kutumia vitabu hivyohivyo.

Huenda mtu akashangaa kuona familia zinazoanza siku kwa sala na Biblia zikisoma pia Plutarch, Shakespeare na visa vya miungu ya Wagiriki. Jibu la Mason lilitoka kwenye mchoro wa ukutani wa karne ya 14, kazi ya Andrea di Bonaiuto, katika kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence. Juu kabisa Roho Mtakatifu anashuka; katikati ameketi Thoma wa Akwino; chini zimepangwa elimu mbalimbali, na miguuni pa kila elimu yuko bingwa wake. Miongoni mwao wamo Cicero, Aristotle, Euclid na Pythagoras, wapagani watupu. Mason aliona hapo kwamba kila wazo la kweli, liwe la sarufi, jiometri au muziki, limetoka kwa Roho yuleyule. Kwa imani hiyo, ukuta kati ya somo la dini na somo la dunia huanguka, na kitabu kizuri huwa sehemu ya malezi ya Kikristo hata kisipomtaja Mungu. Hii ndiyo nguzo ya njia nzima. Anayeikosa atadhani wazazi hawa wanapenda hadithi tu.

Kiini cha utendaji wake ni kusimulia. Mtoto husomewa kifungu mara moja, kitabu hufungwa, kisha naye hukieleza kwa maneno yake. Kifungu hakirudiwi, kwa sababu mtoto anayejua kwamba atarudiwa huiacha akili yake itangetange. Mzazi hamkatizi wala hamsahihishi katikati ya maelezo. Kusimulia si kukariri: msimulizi hulazimika kuchagua lililo kubwa, kulipanga na kulitafutia maneno, kazi ambayo maswali ya kujaza nafasi hayaigusi. Masomo rasmi huanza mtoto afikapo miaka 6, na kwa wadogo kipindi hakizidi dakika 20. Akikaribia miaka 10 huanza kusimulia kwa maandishi, na hata mtihani wa mwisho wa muhula humtaka asimulie.

Hisabati ni habari nyingine. Mason hakuifundisha kwa hadithi. Alitaka mtoto ahesabu maharage na vifungo, hatua kwa hatua, kabla ya kuandika tarakimu.

Huko Marekani njia hii ilipata uhai mpya baada ya Susan Schaeffer Macaulay kuchapisha For the Children's Sake mwaka 1984. Juzuu sita za Mason zilichapishwa tena mwaka 1989, na mwaka 1990 ikaanza Sonlight, mtaala wa vitabu vya hadithi uliowalenga kwanza wamisionari walioishi ng'ambo. Kufikia mwaka 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa halali katika majimbo yote 50. Serikali ilikadiria watoto 850,000 waliosomeshwa nyumbani mwaka 1999, na milioni 1.5 mwaka 2007, ingawa si wote waliofuata njia ya Mason.

Ugumu mkubwa uko kwenye orodha za vitabu zenyewe. Kitabu kama Our Island Story cha H. E. Marshall, cha mwaka 1905, kina usimulizi mtamu, lakini kiliandikwa himaya ya Waingereza ilipokuwa kileleni. Kitabu chaweza kuwa hai na bado kikawa na upofu kuhusu watu waliotawaliwa. Wazazi wengine huruka kurasa. Walio makini zaidi huongeza sauti iliyokosekana. Masimulizi ya Olaudah Equiano ya mwaka 1789 na ya Frederick Douglass ya mwaka 1845, watu wawili waliowahi kuwa watumwa, yanatimiza kila sharti ambalo Mason aliliweka kwa kitabu hai.