Krampeti: Siri ya Matundu

Majira ya joto ya mwaka 2018, krampeti ziliadimika Uingereza. Unga ulikuwepo, hamira ilikuwepo, waokaji nao walikuwepo. Kilichokosekana ni gesi. Viwanda kadhaa vya mbolea barani Ulaya, ambavyo hutoa kabonidioksidi vinapotengeneza amonia, vilikuwa vimesimama kwa matengenezo, na upungufu ukaanza kuonekana kwenye bia, soda na nyama. Warburtons, kampuni ya Bolton inayojulikana mno kwa krampeti, ikasimamisha kazi katika viwanda viwili kati ya vinne ilimokuwa ikizioka. Gesi hiyo ndiyo inayojazwa ndani ya pakiti ili krampeti zisiote ukungu upesi. Ilipokosekana, rafu za maduka zikabaki na nafasi.

Mimi nilikuwa na hamira kabatini. Hamira ikikutana na unga na maji ya uvuguvugu hutoa gesi ile ile, bure, ndani ya bakuli. Wiki hiyo ndipo nilipoanza kupika krampeti mwenyewe, na tangu hapo sijaacha.

Kwa asiyeijua, krampeti ni mkate mdogo wa mviringo, upana wake kama kiganja, unene wake kama vidole viwili vilivyolaliana. Chini umeiva kahawia na ni laini. Juu umejaa matundu kama sega la nyuki. Matundu hayo ndiyo krampeti yenyewe. Siagi ikipakwa juu huyeyuka, ikazama hadi chini, na ukiuma inakuchuruzikia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Krampeti isiyo na matundu ni donge la unga tu, hata ikiwa na ladha gani.

Waingereza wana nayo historia ndefu. Elizabeth Raffald, mpishi aliyekuwa na duka mjini Manchester, aliandika namna ya kuipika katika kitabu chake cha mwaka 1769. Karne iliyofuata, Henry Mayhew alipozunguka London akiandika habari za watu wanaojitafutia riziki mitaani, aliwakuta wauza krampeti wakipita na kengele, bidhaa zao zimefunikwa zisipoe. Nikisoma habari hizo huwaona mama zetu wanaopita alfajiri na ndoo za vitumbua, wakiita mlango kwa mlango. Kwa hiyo si kweli kwamba zamani kila Mwingereza alipika krampeti kwake. Wengi walinunua. Ila walinunua kitu kilichopikwa siku ile ile, mtaa wa pili. Muuzaji yule hayupo tena, kengele yake imenyamaza, na nafasi yake imechukuliwa na pakiti. Ndiyo maana nasema kupika nyumbani leo ni njia pekee iliyobaki ya kuila krampeti kama ilivyokusudiwa kuliwa.

Kazi yenyewe haina ugumu wa kutisha. Chukua gramu 300 za unga wa ngano, ule wenye nguvu wa kupikia mikate, kijiko kidogo cha chumvi na pakiti ya hamira ya gramu 7. Mimina mililita 200 za maziwa ya uvuguvugu na kiasi kama hicho cha maji, kisha piga kwa mwiko mpaka mkono uchoke. Unga lazima ushikamane, maana ukuta wa kila tundu unajengwa hapo. Funika, uache saa moja hadi uumuke na kutoa mapovu. Kisha koroga nusu kijiko kidogo cha bekingi soda katika maji vuguvugu kidogo, utie ndani, uache tena nusu saa.

Sasa ndipo palipo na mtihani. Pete za chuma zipakwe mafuta vizuri, ziwekwe kwenye kikaango kizito juu ya moto mdogo, na rojo limiminwe hadi nusu ya pete. Halafu subiri. Dakika nane, pengine kumi. Mapovu yanapanda, yanapasuka, na pale yalipopasukia panabaki wazi kwa sababu sehemu ya juu imeanza kukauka. Ukiongeza moto kwa pupa, chini kunaungua kabla mapovu hayajafika juu. Rojo likiwa zito, mapovu yananaswa katikati. Likiwa jepesi mno, linachuruzika chini ya pete. Mara yangu ya kwanza zilitoka saba, zote zimefumba juu kama maandazi yaliyokanyagwa. Dawa ilikuwa maji vijiko viwili tu. Tangu hapo hupika moja ya kujaribia kwanza, na hiyo ndiyo inayoniambia kama rojo linataka maji au unga.

Zile za pili nilizipiga picha nikamtumia shangazi yangu Unguja. Akapiga simu hapo hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Chila hiyo unayonionesha, mbona umeinyima nazi?"

Alikuwa sahihi. Chila yetu ya mchele na tui huumuliwa kwa hamira, huiva upande mmoja, na sifa yake ni matundu juu. Anayejua kungoja chila ifunguke ameshajua nusu ya kazi ya krampeti, na Mswahili anayeishi Leicester au London hana sababu ya kudhani kwamba hiki ni chakula cha wageni kisichomhusu mkono wake.

Ya dukani nayo ina haki yake. Pakiti moja ni ya bei ndogo kuliko kikombe cha kahawa mjini, na asubuhi ya kazi, mtoto anatafuta kiatu na basi linakaribia, hakuna atakayesimama juu ya kikaango. Lakini ijulikane kwamba huuzwa ikiwa imepauka na laini kwa makusudi: kazi ya mwisho imeachiwa tosta ya mnunuzi. Wageni wengi huitoa kwenye pakiti wakaila ilivyo, ikawatafunika kama mpira, wakaapa hawataigusa tena. Itie kwenye tosta, mara mbili ikibidi, mpaka kingo zikwaruze. Hata hivyo haitafikia ile iliyotoka kwenye pete sasa hivi, ambayo bado inanukia hamira na ina ganda jembamba chini.

Mwenye Jumamosi moja tulivu na asiogope. Pete zisipopatikana, mimina rojo bila pete: watu wa kaskazini na katikati ya Uingereza wana nyembamba za namna hiyo, huziita pikelet, nazo hufunguka matundu vile vile. Weka siagi na sahani karibu kabla hujamimina ya kwanza, na waite walaji wakae mezani mapema. Zitakazobaki zikipoa zitie kwenye friza. Jumatatu asubuhi zinaingia moja kwa moja kwenye tosta.