Wazimu, Akili na Moyo

Mjini Dodoma, ilimo kata ya Kizota, hospitali ya Mirembe imetibu maradhi ya akili tangu mwaka 1927. Mgonjwa apelekwaye huko hufuatwa na maneno matatu. "Wazimu" lina shina moja na "mzimu": laashiria kuwa ugonjwa umeletwa na wafu. "Kukosa akili", kwa kuwa shina la Kiarabu la "akili" lahusu kumfunga ngamia, ni kufunguka kwa kizuizi. Naye asemaye "moyo wangu hautulii" ayaweka maumivu pale Aristotle alipoweka makao ya hisi, kabla Galen, katika karne ya 2, hajashikilia kuwa makao hayo ni ubongo. Basi tabibu asikiaye "moyo" akapima mapigo tu, amekosea tafsiri kabla ya tiba. Na kosa hilo mgonjwa ndiye alilipaye.