Washika Bunduki wasiozijua bunduki

Ashley Cole aliitwa Mshika Bunduki kwa miaka kadhaa pale Highbury, kisha mwaka 2006 akahamia kwa mahasimu, Chelsea. Huko ndiko alikoshika bunduki ya kweli, na ikalia.

Ilikuwa Februari 2011, kwenye uwanja wa mazoezi wa Cobham, nje ya London. Beki huyo wa kushoto wa England alifika na bunduki ya upepo ya inchi 0.22 akawa anaichezea. Hatua chache tu kutoka kwake alisimama kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa sayansi ya michezo aliyekuwa klabuni hapo kwa mafunzo ya vitendo. Mara, pa! Kijana akapigwa, bahati nzuri hakuumia vibaya. Cole akaomba radhi, na maelezo yaliyotoka yalikuwa yale yale yanayotolewa kila mahali duniani: hakujua kama ndani kuna risasi. Siku chache baadaye staa huyo alikuwa Stamford Bridge, Chelsea ikiichapa Manchester United 2-1.

Waingereza walicheka sana wiki ile, na utani wa beki anayepiga shuti lililolenga ulikuwa mwingi. Lakini "nilidhani ni tupu" ndilo kosa namba moja la watu wasiozoea silaha, na ndilo baya kuliko yote. Mgeni wa bastola huchomoa magazini, lile boksi dogo la risasi linaloingia kwenye kitako, akaamini kazi imekwisha. Haijaisha. Risasi moja inaweza kuwa imeshapanda kwenye chemba, tayari kufyatuliwa. Kuchomoa magazini ni sawa na kuwatoa nje wachezaji wote wa akiba kwenye benchi: yule aliyeko uwanjani bado anacheza, na anaweza kufunga.

Ndiyo maana kwenye mashindano ya kulenga shabaha, mtu akiweka bunduki yake chini hupenyeza kamba ya rangi kali ndani ya chemba, ili kila anayepita aone kwa macho kwamba hakuna kitu. Hawa ni mabingwa wa dunia, wenye miaka ishirini kazini, na bado hakuna anayemwamini mwenzake kwa maneno. Mchezaji wa mpira kaishika kwa dakika tano tu, anasema ni tupu.

Kwa mashabiki wa soka, lugha ya silaha ni chakula cha kila siku. Nenda kibanda umiza chochote Jumamosi jioni: huyu kafumua kombora, yule kaachia bomu, straika fulani ana risasi mguuni. Ajabu ni kwamba kombora la kisasa huongozwa hadi lilipolengwa, wakati mashuti mengi tunayoyaita hivyo huishia jukwaani kwa mashabiki.

Na Arsenal wenyewe? Wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mashariki mwa London, walianzisha timu mwaka 1886 na kuiita Dial Square, jina la karakana mojawapo mle ndani. Bunduki si alama yao hata kidogo. Kilichoko kwenye nembo ni mzinga, na hata huo uliwahi kuwatatiza watu. Nembo ya mwaka 1888 ilikuwa na mizinga mitatu iliyosimamishwa wima, midomo juu, na hadi leo anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni dohani za kiwanda zinazosubiri kutoa moshi.

Jina lenyewe ndiyo kali zaidi. "Arsenal" lilitoka kwa Waarabu, likapitia Italia, ndipo likafika Uingereza. Asili yake ni "dar", nyumba, na "sina'a", neno la ukoo mmoja na sanaa yetu ya Kiswahili. Kwa hiyo wale Washika Bunduki, ukiwafuata hadi kwenye mzizi, ni watu wa Nyumba ya Kazi za Mikono. "Magazini" nalo ni la huko huko: kwa Kiarabu ni ghala. Waingereza wakalitumia kwa ghala la baruti, kwa boksi la risasi, na baadaye kwa jarida, ghala la habari.

Turudi kwenye risasi, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kwa Kiswahili, risasi kwanza ni madini, yale laini na mazito. Vidonge vya bunduki vilitengenezwa kwa madini hayo, jina likahamia kwenye kidonge, halafu likameza kitu kizima: ganda la shaba nyeupe, baruti ndani yake, fataki kitakoni, na kichwa mbele. Mgeni anafikiri vyote hivyo huruka pamoja. Tazama mabango ya filamu uone risasi inavyochorwa angani ikiwa na ganda lake, kana kwamba basi limeondoka na kituo chake. Fataki inapogongwa huwasha baruti, moshi hutanuka na kusukuma kichwa peke yake. Ganda hubaki, na kwenye silaha nyingi hutupwa kando. Ndiyo yale maganda ambayo polisi huyaokota eneo la tukio.

Agosti 2007 shirika la habari la AFP lilisambaza picha ya bibi mmoja wa Baghdad akiwa ameshika risasi mbili, maelezo yakieleza kwamba kwa kauli yake ndizo zilizopiga nyumba yake. Zilikuwa nzima, zinang'aa, kichwa na ganda vimeshikana. Wanaojua silaha duniani kote walicheka wakasema labda alirushiwa kwa mkono. Bibi hakuwa na kosa kubwa. Pengine aliziokota tu mlangoni. Lakini picha ilipita mikononi mwa watu wa habari na hakuna aliyeshtuka.

Namba nazo zina vituko vyake. Wapo wanaoapa kwamba AK-47 hubeba risasi 47. Magazini yake ya kawaida hubeba 30. Hiyo 47 ni mwaka 1947, na herufi ni za bunduki ya Kalashnikov. Ni ile ile inayoonekana kwenye bendera ya Msumbiji, na ile ile ambayo taarifa za polisi wa Tanzania zimezoea kuiita SMG.

Bunduki za marisau ndiyo balaa. Mtu akiambiwa kuna namba 12 na namba 20, huchagua 20 akidhani ndiyo kubwa. Kumbe namba ikipanda mdomo unapungua. Asili yake ni hesabu ya zamani, na shabiki wa mpira anaweza kuielewa upesi kuliko mwindaji. Sheria za soka zinasema mpira usizidi gramu 450, yaani kama ratili moja. Chukua madini ya risasi yenye uzito huo, yagawe yatoke magololi 12 yanayolingana. Mtutu ambao gololi moja hupita ndani yake barabara, huo ndio namba 12. Ukiyagawa yawe 20, gololi zinakuwa ndogo, na mtutu nao unakuwa mwembamba.

Sasa filamu. Jambazi anapigwa bastola moja tu, anaruka nyuma mita tatu, anavunja dirisha, anadondokea kwenye gari. Wengi wanaamini ndivyo ilivyo. Hebu tufanye hesabu ya kipa.

Mpira wa gramu 430 uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu 8 hivi na hutoka kwa mita 350 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, ndiyo nguvu ya kumsukuma anayepokea. Mpira unapata 12, risasi haifiki 3. Yaani kipa anayedaka shuti kali anasukumwa zaidi ya mara nne ya mtu aliyepigwa bastola! Na hakuna aliyewahi kumwona kipa akirushwa hadi nyavuni na mpira kifuani, ingawa kuna makipa wa kwetu ambao huanguka vizuri sana wakitaka kupoteza muda.

Halafu kuna ile sheria ya Newton: msukumo unaokwenda mbele ndio unaorudi nyuma. Kama risasi ingemrusha anayepigwa, ingemrusha kwanza aliyefyatua.

Sasa asije mtu akasema basi bastola haina lolote. Nishati ya ile risasi ni karibu mara tatu ya mpira, na yote inatua kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Haisukumi, inapenya. Mpira ule ukigonga kifua unaacha alama ya ngozi, risasi inaingia ndani na kuchana kila kilichoko njiani. Mtu aliyepigwa risasi mara nyingi hata harudi nyuma. Huchukua hatua mbili tatu akiwa hajui, ndipo anakaa chini. Filamu imewafundisha watu kumtafuta aliyerushwa, na kumbe aliyeumia bado amesimama mbele yao.

Kiwambo cha sauti ni uongo mwingine wa sinema. Kule kinalia "fyu" kama mtu anayepuliza chai. Mlio wa bastola unafika karibu desibeli 160, na kiwambo kizuri huushusha hadi 130 hivi. Waliotazama Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini wanaikumbuka vuvuzela: ukikaa karibu na mdomo wake ni desibeli 120 na ushei. Bastola yenye kiwambo, basi, ina kelele kuliko tarumbeta ile iliyowafanya wazungu wazibe masikio mwezi mzima.

Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024 ilileta vichekesho vipya. Yusuf Dikeç wa Uturuki, miaka 51, alisimama kwenye bastola ya upepo ya mita 10 akiwa na fulana, miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakachukua medali ya fedha. Ndani ya siku moja dunia ilikuwa imeshaamua kwamba Uturuki imetuma muuaji wa kukodiwa. Siku chache baadaye Armand Duplantis, baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kuruka kwa upondo, alishangilia kwa kuiga mkao ule ule.

Mkono mfukoni haukuwa madaha. Wapigaji wengi wa bastola hufanya hivyo ili mwili utulie, kwa sababu mkono unaoning'inia huyumba na kuyumbisha bega. Dikeç pia hulenga macho yote mawili yakiwa wazi, wakati mgeni yeyote akipewa bastola kitu cha kwanza ni kufumba jicho moja. Na silaha yenyewe haikuwa na chembe ya baruti, ilikuwa hewa iliyoshindiliwa. Kwenye bunduki ya upepo ya umbali huo huo, kituo cha alama 10 ni nukta ya nusu milimita wakati kidonge kina milimita 4.5. Shabaha ndogo kuliko risasi! Wamezoea.

Picha ya bunduki inaweza kudanganya kwa njia nyingine. Mei 2018, England ikijiandaa kwenda Urusi, magazeti ya London yaliona mchoro wa M16 kwenye mguu wa kulia wa Raheem Sterling. Ikawa vurugu: anashabikia silaha, aufute, asiitwe timu ya taifa. Sterling akaeleza kwamba baba yake aliuawa kwa risasi yeye akiwa na miaka miwili, akajiapiza kutogusa bunduki maisha yake yote. Mguu wa kulia ndio anaopigia mashuti. Kati ya wote waliobishana juu ya mchoro ule, ni yeye aliyekuwa anajua silaha inafanya nini.

Limebaki moja, na hili halina kicheko. Watu wengi wanaamini risasi ikipigwa juu angani inapotelea huko huko, au inarudi ikiwa imechoka kama jiwe la manati. Jeshi la Marekani lililifanyia majaribio jambo hili baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Risasi ya bunduki iliyopigwa wima hushuka kwa karibu mita 90 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita zaidi ya 300 kwa saa, na inatosha kabisa kupasua fuvu. Isipopigwa wima, ikapigwa kwa pembe kama wafanyavyo wengi wakiwa na furaha, hurudi na kasi kubwa zaidi.

Julai 29, 2007, Iraq ilicheza fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Saudi Arabia. Nchi ilikuwa vitani. Siku nne kabla, baada ya ushindi wa nusu fainali, mabomu ya kwenye magari yalikuwa yameua makumi ya mashabiki waliokuwa wakishangilia mitaani. Katika dakika ya 72 nahodha Younis Mahmoud akapiga kichwa, 1-0, Iraq mabingwa kwa mara ya kwanza. Baghdad ikalipuka kwa furaha, na kila mwenye bunduki akaielekeza angani. Watu wasiopungua wanne walikufa jijini humo kwa risasi hizo, wengine wengi wakajeruhiwa. Mechi yenyewe ilikuwa inachezwa Jakarta, Indonesia.