Mifereji ya Bali ni darasa kwetu

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, walinena wahenga. Ukweli wa kauli hiyo niliuona katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, nilipokata shauri kuvizuru vijiji vyake kwa baiskeli badala ya basi la watalii. Tulikuwa watu saba, tukiongozwa na kijana mwenyeji, mwana wa mkulima. Tulianzia nyanda za juu za Kintamani, mkabala na mlima Batur wenye kimo cha mita 1,717, tukateremka taratibu kuelekea Ubud.

Njiani tulipita mahekalu, na chini yake mashamba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi. Kiongozi wetu alitueleza kwamba mifereji inayoyanywesha husimamiwa na subak, yaani vyama vya wakulima wanaotumia maji ya chanzo kimoja. Wanachama hukubaliana wakati wa kupanda na wakati wa kupumzisha ardhi, na ratiba hiyo huambatana na ibada za mahekalu ya maji. Mkulima wa bondeni humtegemea wa juu ili apate maji. Naye wa juu humhitaji wa bondeni, kwa maana mashamba yote yakipumzishwa kwa pamoja, wadudu waharibifu hukosa chakula wakapungua.

Katika miaka ya 1970, serikali iliwahimiza wakulima kupanda mbegu mpya mfululizo, pasipo kungoja ratiba ya mahekalu. Maji yakaleta vurugu na wadudu wakafurika. Baadaye mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing alionyesha, kwa msaada wa kompyuta, kwamba utaratibu wa wazee ulikuwa na mantiki thabiti. Mwaka wa 2012, UNESCO iliitambua mandhari ya subak kuwa urithi wa dunia.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba sayansi itupwe. Kompyuta ndiyo iliyowatetea wazee hao. Nisemalo ni kwamba mtaalamu aulize kabla ya kuamuru. Hapa kwetu, Wamarakwet walichimba mifereji kutoka milimani hadi bonde la Kerio kabla ya kuja kwa wakoloni, na koo ndizo zigawazo zamu za maji. Je, ni wanafunzi wangapi waliokwisha kupelekwa kuiona?

Kijana yule alituambia kwamba baba yake angali analima, lakini yeye hupata zaidi kwa kuwatembeza wageni. Nilipomuuliza ni nani atakayezoa tope mferejini baba akizeeka, alicheka tu, akakanyaga pedali. Swali hilo linatuhusu sisi pia. Mwanafunzi anayefunzwa kuwa maarifa yote hutoka vitabuni hatakuwa na haja ya kumsikiliza babu yake, na babu hatamngoja milele. Basi likizo ijayo, mwalimu wa jiografia na awatume wanafunzi wake vijijini, kila mmoja na daftari lake, wakaulize maji yao hugawanywaje na ni nani aliyeamua hivyo.