Vifaa vya chapa tofauti: Nani anawajibika mtandao wa ofisi unapokatika Bukoto?

Bukoto, mtaa wa Kampala unaopakana na Kamwokya na Ntinda, una zahanati, mikahawa, maduka na ofisi za mashirika ambazo kazi zake husimama mara mtandao unapokatika. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mfumo huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wafanyabiashara wa Kampala kufunga maduka mwezi Aprili 2024. Kilichozungumzwa zaidi wakati huo ni kodi. Ruta, swichi na kebo zinazobeba ankara hizo hazikutajwa sana.

Ni nadra biashara ndogo kununua vifaa vyake vyote kwa kampuni moja. Ruta huletwa na mtoa huduma wa intaneti. Swichi ya Cisco huenda ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na vifaa vya Wi-Fi vya Ubiquiti au TP-Link huongezwa vyumba vinapoongezeka. Kisha fundi wa kamera za usalama huja na swichi yake na kuichomeka penye tundu lolote lililo wazi. Siku mtandao unapokatika, mtoa huduma husema laini yake ni nzima, fundi wa kamera husema picha zinaonekana, na mwenye zahanati hubaki na foleni ya wagonjwa mapokezi.

Kuchanganya chapa si kosa. Vifaa hivyo huelewana kwa sababu ya viwango vya pamoja, hasa vya taasisi ya wahandisi ya IEEE. Kiwango cha 802.1Q, kwa mfano, huwezesha mtandao mmoja kugawanywa, kompyuta za malipo zikatengwa na simu za wageni, hata kama swichi ni ya Cisco na ruta ni ya MikroTik, kampuni ya Latvia. Ugumu huanza fundi anapotegemea utaratibu wa kampuni moja. CDP, ambayo swichi za Cisco huitumia kutambua vifaa jirani, haieleweki na kila chapa. LLDP hufanya kazi hiyohiyo na iko wazi kwa wote, ila katika baadhi ya vifaa sharti iwashwe kwanza.

Mtego mbaya zaidi ni umeme unaopitia kebo ya mtandao. Chini ya kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003, swichi hukipima kifaa kwanza kama kinahitaji umeme, ndipo hukipelekea takriban volti 48. Baadhi ya vifaa vya zamani vya Ubiquiti na MikroTik vilitumia volti 24, na umeme huo hutumwa bila kupima chochote. Tundu ni lilelile na kebo ni ileile. Kifaa kisichoustahili kinaweza kuungua, au kisiwake kabisa na kutupwa kama kibovu ilhali ni kizima.

Ndiyo maana mkataba wa matengenezo unaotaja chapa moja haumfai mwenye ofisi ya namna hii. Anachohitaji ni fundi anayewajibika kwa mtandao mzima, pamoja na pale kifaa cha kampuni moja kinapoungana na cha nyingine. Kabla ya kugusa chochote, fundi huyo huandika orodha ya vifaa na mchoro wa kebo. Nywila zote hukabidhiwa kwa mwenye biashara, asije akafungiwa nje ya mtandao wake siku fundi atakapoondoka.

Masasisho nayo yanahitaji mtu wa kuyafuatilia. Mwezi Aprili 2018, MikroTik ilitoa marekebisho ya udhaifu katika ruta zake. Kufikia Agosti, maelfu ya ruta ambazo hazikusasishwa, nyingi zikiwa Brazil, zilikuwa zimeingiliwa na kutumiwa kupenyeza programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Kwa zahanati ya Bukoto, uvamizi wa aina hiyo ungekuwa pia suala la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, hata kama ruta iliyoingiliwa ililetwa na mtu mwingine.