Ramani Isiyomjua Mwenye Nyumba

Ukitoka lango la Lodoare na kuteremka kuelekea Karatu mjini, hukosi kuyaona maboma ya nyumba zisizoisha: kuta zimefika usawa wa linta na kusimama hapo, madirisha hayana fremu, majani yameota panapotakiwa kuwa sebule. Mamia ya kilomita kutoka hapo, Msomera wilayani Handeni, kuna nyumba za namna nyingine kabisa. Hizo zimekamilika, zina bati na rangi, zimepangwa kwa safu. Za Karatu zilikwama kwa fedha ya mtu mmoja mmoja. Za Msomera zilijengwa kwa fedha ya Serikali na zikaisha. Lakini zote zinamfundisha jambo moja yule anayejiandaa kujenga au kukarabati: nyumba hufaulu au hushindwa kwa maswali yaliyoulizwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Tuanze na Msomera. Juni 2022 Serikali ilianza kuwahamishia huko wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro. Nyumba 103 za mwanzo zilikuwa za vyumba vitatu, na kaya iliahidiwa pia shamba la ekari tano. Baadaye ukaja mpango wa nyumba 5,000 zaidi, zijengwe na Jeshi la Kujenga Taifa katika Msomera, Kitwai wilayani Simanjiro na Saunyi wilayani Kilindi. Serikali inasema watu wanahama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wanapinga kauli hiyo. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi Ngorongoro na nyingine ya kutathmini uhamaji wenyewe. Mgogoro huo ni mpana kuliko makala haya, ila ndani yake limo somo la ujenzi ambalo kila mwenye kiwanja analihitaji.

Kwa desturi ya Wamaasai, kila mke ana nyumba yake, na mjenzi wake ni yeye mwenyewe, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Nyumba huzunguka zizi. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu na meko matatu, na ndama wadogo hulala karibu na watu. Familia hiyo ukiipa vyumba vitatu chini ya bati moja, umeibana hata kama kuta ni imara. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilieleza kwamba nyumba hizo hazikuzingatia ukubwa wa familia wala ndoa za wake wengi. Kasoro hiyo haitokani na saruji wala nondo. Ramani ilichorwa kwa ajili ya kaya ya wastani, na hakuna mtu anayeishi katika kaya ya wastani. Tena, wanawake waliokuwa wajenzi wamegeuka wapokeaji wa funguo, na ujuzi wao wa upepo, moshi na mifugo haukupata nafasi kwenye karatasi.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya maendeleo. Nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka, na kwa wakulima wengi mashamba yakabaki mbali. Kabla ya hapo, eneo la Ngorongoro lilipotenganishwa na Serengeti mwaka 1959, wafugaji waliotoka Serengeti waliahidiwa maji. Mabwawa na mabomba yalijengwa, na mengi yakaharibika kwa kukosa matengenezo. Pengo la kwanza lilikuwa kutomuuliza mkaaji anaishije. La pili, kutopanga nani atatunza kilichojengwa.

Wairaqw wa nyanda za Karatu walikuwa na jibu lao. Nyumba ya kale ilichimbwa nusu ndani ya mteremko, ikaezekwa kwa udongo uliolingana na ardhi. Iliwaficha watu na mifugo wakati wa uvamizi na kuwakinga na baridi. Sisemi turudi kuishi chini ya udongo; paa la namna ile lilidai matunzo ya mara kwa mara na lilivuja mvua ikizidi. Ninachokiheshimu ni kwamba kila sehemu yake ilikuwa na sababu iliyotoka hapo hapo ilipojengwa.

Kwa anayejenga leo Karatu, swali la kwanza ni ardhi ya nani. Kiwanja cha kijijini kiko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Usinunue kwa maneno ya muuzaji na shahidi mmoja. Nenda ofisi ya kijiji, tembea mipaka ukiwa na majirani, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Mjini, chukua kibali cha ujenzi cha halmashauri kabla ya kumwaga hata kokoto. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ujenzi na ukarabati vinahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi hiyo, na anayekarabati bila ruhusa anahatarisha kila shilingi aliyoiweka.

Swali la pili ni udongo na maji. Chimba shimo la majaribio, refu kupita kina cha msingi unaoukusudia. Ukikutana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, uondoe hadi ufikie tabaka gumu, kisha ujaze moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Udongo mwekundu wa miteremko hushika vizuri, lakini hukatwa na maji upesi. Makorongo ya wilaya hii ni ushahidi. Tembelea kiwanja mvua ikinyesha uone maji yanapita wapi, na usijenge kwenye njia yake hata kama leo ni kavu. Maporomoko ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023, yaliua watu zaidi ya 80. Mkondo wa mlimani haufuati mipaka ya viwanja.

Swali la tatu ni fedha itafika wapi. Wengi hupigia hesabu matofali na saruji, boma likasimama, ndipo wagundue kwamba kupaua, milango, umeme, maji na plasta vinaweza kula fedha nyingi kuliko kuta. Andika makadirio ya kila hatua hadi kitasa cha mwisho. Kama hayatoshi, punguza nyumba. Vyumba viwili vilivyoezekwa ni makazi. Vyumba sita bila bati hunyeshewa kila mwaka. Panga tangu mwanzo upande ambao nyumba itaongezeka, ili ukuta mpya uje kushikana na wa zamani bila kubomoa. Fundi mlipe kwa hatua iliyokaguliwa, kwa maandishi. Tofali la kuchoma liloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha; likimeguka, usilinunue. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Zege limwagilie maji angalau siku saba; kuokoa maji hapo ni kununua nyufa.

Swali la nne ndilo lililosahaulika Msomera: nani atalala wapi, nani atapika wapi, na miaka kumi ijayo itakuwaje. Kama mama anapika kwa kuni, jiko lake lisiwe kona ya ukumbini kwa sababu ramani ya mjini imelichora hapo. Kama babu hapandi ngazi, sakafu isiinuke mno. Kama kuna ng'ombe wa zizini, upepo usilete harufu dirishani.

Kabla ya kumpa fundi malipo ya kwanza, chukueni kamba na vigingi mwende kiwanjani, wake kwa waume, wazee na watoto. Pimeni vyumba kwa ukubwa wake halisi, mpite humo kama mnaishi, na kila mmoja aseme kinachomsumbua. Kigingi huhamishwa kwa dakika moja. Ukuta huhamishwa kwa nyundo na machozi. Zoezi hilo ni la asubuhi moja, na halina gharama. Lingewezekana pia kwa familia za Ngorongoro kabla ya nyumba 5,000 kuchorwa, na bado linawezekana kwa kila nyumba ambayo haijaanzwa.